Mchagua Kamera

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Leo methali hiyo yamwelekea mpiga picha wa kujifurahisha, abadiliye kamera kila itokeapo mpya, na picha zake zikabaki vile vile.

Hujitetea kwamba chombo kipya kitamfungua macho. Hoja hiyo ni dhaifu. Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, alianzia kwenye Kodak Brownie, kamera nyepesi aliyozawadiwa mwaka 1935. Henri Cartier-Bresson alitumia lenzi ya milimita 50 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kilichowatukuza ni kuona, si wingi wa vyombo.

Haina maana kwamba chombo si kitu. Apigaye picha za ngoma usiku kwa lenzi ambayo tundu lake halizidi f/3.5 ana haja ya kweli. Lenzi ya f/1.8 itampa mwanga karibu mara nne. Lakini huyo ajua upungufu wake, na dawa yake ni lenzi. Lenzi njema yaweza kutumikia kamera mbili tatu za ukoo mmoja. Kamera huzeeka kwa sifa kabla haijazeeka kwa kazi.

Basi asiyeweza kutaja picha aliyoikosa, na sababu ya kuikosa, asinunue kitu. Fedha hiyo na iwe nauli ya kumfikisha penye jambo linalostahili kutazamwa.