Ugali mnausingizia tu!

Wadau, nimerudi chuo toka Bariadi, nakuta rumeti ana siku ya tatu anakunywa maji ya ndimu tu. Jana kaanguka darasani. Eti ugali unanenepesha! Jamani, bibi zetu Simiyu wanakula ugali na michembe kila siku, mbona hawana vitambi? Wanashinda shambani wanapalilia pamba. Hesabu ni moja: ukila kuzidi unachotumia, unanenepa. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake kina kalori kama 120. Nyie mnashinda njaa, usiku chipsi mayai na soda! Pungua nusu kilo kwa wiki, inatosha: punguza mafuta, acha soda, tonge ziwe chache, tembea. Ila kula, bwana!