Wahadhiri nao waingie darasani kwa wenzao

Kama unasoma ualimu, haya umeshayakariri: mbinu shirikishi, mwanafunzi ndiye kiini cha somo, mwalimu ni mwezeshaji. Na unakumbuka ulivyofundishwa hayo. Mtu kasimama mbele, mko zaidi ya mia tatu, slaidi zinasomwa moja baada ya nyingine, maiki inakoroma, waliokaa nyuma wanasubiri desa la kutoa kopi. Mada ya siku hiyo: mbinu shirikishi.

Nilipokwenda TP kwenye sekondari moja ya Mbagala, kule Temeke, niliona kitu ambacho chuoni sijakiona. Siku moja kwa wiki, vipindi vikiisha, walimu wa hisabati na sayansi walibaki. Mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akasema wazi, "Jamani, logi zinanishinda kuwaelewesha kidato cha pili." Hakuna aliyecheka. Dada mmoja aliyeajiriwa juzi juzi akachukua karatasi, akaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, akahesabu vipande: viwili, vinne, vinane. Wiki iliyofuata yule mzee alifundisha hivyo hivyo, na wenzake wawili walikaa dawati la nyuma wakimtazama.

Hiyo ndiyo MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo mwongozo wake wa kitaifa ulitoka 2020. Vikao vile vinaitwa jumuiya za ujifunzaji. Siipambi. Kuna siku walikuja kusaini daftari tu wakawahi daladala, na swali la posho halikuisha hata siku moja. Lakini mzee yule aliuliza, na akajibiwa na mtu wa umri wa bintiye.

Sasa nionyeshe mhadhiri aliyekwenda kusikiliza mhadhara wa jirani yake wa korido. Mwalimu wa darasa la tatu haajiriwi bila kusomea ualimu. Mhadhiri anapatikana kwa GPA (matangazo mengi ya kazi yanataka 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili), kisha kwa sehemu kubwa anapanda cheo kwa machapisho. Mradi wa HEET, ulioidhinishwa 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umesomesha wahadhiri hadi uzamivu, na hilo ni jema. Ila PhD inamfunza mtu kutafiti. Kumfanya wa kiti cha mwisho aelewe ni kazi nyingine.

Anayelipa ni sisi. Mwaka jana marafiki zangu wanne walirudi kufanya sapu ya kozi moja, mmoja akitokea Sumbawanga kwa nauli ya kukopa. Mwaka huu kozi hiyo kapewa mhadhiri mwingine, na kwa tunavyoona anarudia slaidi zile zile na kukwama pale pale. Fomu tulizojaza kumtathmini aliyetangulia sijui zimelala kabati gani.

Najua jibu: wahadhiri hawana muda, wanasimamia tafiti, wanasahihisha mafurushi ya mitihani. Kweli kabisa. Mwalimu wa Mbagala naye alikuwa na rundo la madaftari, akabaki. Wengine watataja uhuru wa kitaaluma. Jamani, mwenzako kukaa nyuma saa moja si ukaguzi.

Tuanze na kitivo cha elimu, maana ndicho kinachotufundisha habari hizi. Wahadhiri watatu wa kozi zinazokaribiana, kila mmoja asikilize mhadhara mmoja wa kila mwenzake kwa semista, halafu wakae na chai, majibu ya fomu zetu yakiwa mezani. Watakayoambizana yasiingie kwenye faili la kupandisha cheo, la sivyo kila mtu ataigiza siku akitembelewa. Serikali ya wanafunzi ilibebe hili kwenye kikao na kitivo, badala ya kurudi kila mwaka na hoja ya wai-fai peke yake. Na tukiulizwa sisi tunachangia nini, CR wa kila kozi aandike kila wiki sehemu ambazo darasa halikuzielewa, ampe mhadhiri mkononi. Nusu karatasi inatosha.