Lisemwalo Lipo? Hoja ya Mpelelezi Dhidi ya Umati

Wapo walimu, na wapo wazazi, wanaoiona michezo ya upelelezi ya televisheni kuwa ni kasumba tupu. Husema kwamba mchezo unaoanza kwa maiti na kwisha kwa pingu hauwezi kumfunza kijana wa Kitanzania jambo lolote ila ukatili, na kwamba mwanafunzi wa Mkuyuni, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, hana haja ya kujua namna majambazi wa Chicago walivyouana. Hoja hiyo ina ukweli kidogo na upotofu mwingi. Makala haya yanakusudia kuupinga upotofu huo. Yatajaribu kuonyesha kwamba ugonjwa unaosimuliwa na michezo hiyo, yaani mauaji yatendwayo na wengi yakakosa mwenyewe, tunao hapa kwetu. Na kwamba dawa yake, ambayo ni upelelezi, ndiyo hasa tunayoikejeli.

Tuchukue mfano wa mchezo uliopata sifa kubwa katika aina hiyo. Kati ya mwaka 1959 na mwaka 1963, televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo ulioitwa The Untouchables, juu ya maofisa wa serikali waliopambana na genge la Al Capone na magenge mengine ya mjini Chicago. Mpango wa hadithi za namna hiyo unajulikana. Mtu huuawa mchana, barabara nzima ikasikia risasi. Mpelelezi afikapo na kuuliza, mwenye duka alikuwa amegeuka, kinyozi alikuwa ameinama, na mjane wa marehemu hana la kusema. Fumbo la mchezo halimo katika kumtafuta aliyeua, kwani jina lake wote wanalo moyoni. Fumbo ni kumpata mtu mmoja atakayethubutu kulitamka.

Historia yenyewe ni kali kuliko mchezo. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipangwa ukutani katika gereji moja ya Chicago wakapigwa risasi, na hakuna hata mtu mmoja aliyepata kutiwa hatiani na mahakama kwa mauaji hayo. Capone mwenyewe alihukumiwa mwaka 1931 kifungo cha miaka 11, si kwa damu ya mtu, bali kwa kukwepa kodi. Aliyemshinda ni karani mwenye vitabu vya hesabu, aliyekaa kimya akilinganisha tarakimu na tarakimu. Mchezo wa televisheni uliipa bunduki heshima iliyokuwa ya kalamu. Ukweli kidogo walio nao wakosoaji ndio huo: michezo mingi ya aina hii humpamba jambazi na kumfanya shujaa, nao Wamarekani wenye asili ya Italia walinung'unika, tena kwa haki, kwamba kila mwovu katika mchezo ule alipewa jina la kwao.

Hata hivyo, tuseme genge ni nini? Genge ni chombo cha kuua ambacho kila mkono ndani yake unaweza kusema, "Si mimi." Mmoja aliamuru lakini hakuwapo, mwingine aliendesha gari tu, wa tatu alilinda mlango. Dhambi imegawanywa vipande vidogo mpaka kila mwenye kipande anajiona mwadilifu. Kama maana ya genge ni hiyo, basi Mtanzania hana haja ya kulitafuta Chicago. Afungue gazeti la kwao asome habari fupi iliyo pembeni mwa ukurasa: mtu mmoja, asiyefahamika jina, ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Ndugu msomaji, tulitazame fungu hilo la maneno kwa makini, maana limezoeleka hata halitushtui tena. Aliyeuawa hana jina, na waliomwua hawana majina. Kilichobaki na sifa ni hasira, nayo imetajwa kana kwamba ndiyo udhuru wake. Na waliotenda wameitwa wananchi! Neno hili tulilirithi kutoka katika mapambano ya uhuru. Ndilo lililomtoa mtu wa nchi hii katika hali ya kuitwa mtawaliwa, likampa hadhi ya mwenye nchi. Leo linatumika kama blanketi la kuwafunikia wauaji. Mtu aliyeshika tofali na kulitupa juu ya kichwa cha mwenzake aliyekwisha anguka si mwananchi mwenye hasira. Ni mwuaji, naye ana jina, na jirani zake wanalijua.

Wala hili si jambo dogo. Tume iliyochunguza mauaji yaliyotokana na tuhuma za uchawi Tanzania Bara ilihesabu watu 3,693 waliouawa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984, na 2,286 miongoni mwao walikuwa wanawake. Huko Usukumani vikongwe wengi walihukumiwa kwa ushahidi wa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Mwezi Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kilimo pamoja na dereva wao, kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao likachomwa moto, baada ya kuzuka kelele kwamba ni wanyonya damu. Uvumi wa mumiani, ambao umewahi kusikika katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Uluguru ikiwamo, uliwaua watu waliokuja kuchunguza udongo kwa faida ya mkulima.

Umati husadiki kwa haraka kiasi hicho kwa sababu unayo methali ya kuutetea: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tumeifundisha methali hii shuleni kana kwamba hekima yote ya wazee ni hekima iliyo sawasawa. Lakini methali ni silaha, na silaha hutazamwa nani kaishika. Kinywani mwa mzee anayewatahadharisha wanawe, methali hiyo ni busara. Kinywani mwa umati ni hati ya kifo, kwa kuwa hugeuza uvumi kuwa ushahidi. Wazee haohao walituachia nyingine: Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwalimu anayefundisha ya kwanza bila ya pili amefundisha nusu ya utamaduni, tena nusu yenye hatari.

Tuseme ni siku ya soko Mkuyuni. Malori yamepanda kutoka mjini Morogoro kwa njia ya Bigwa na Kiroka kuja kuchukua ndizi, mafenesi na viungo. Mkulima mmoja aona gunia lake la pilipili manga halipo. Kijana mgeni, asiyejulikana ukoo wake, apita na gunia begani. Sauti moja yalia, "Mwizi!" Toka hapo mpaka kifo si mbali, dakika kumi zatosha.

Mpelelezi angefanya nini mahali hapo? Angeuliza. Gunia lililopotea lilikuwa na alama gani? Lilishonwa kwa kamba ya namna gani? Nani aliliona mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi? Mgeni huyu alishuka katika gari lipi, na utingo wa gari hilo yuko wapi? Na huyu aliyepiga ukelele wa kwanza, ana uhusiano gani na gunia hilo, na ana uhusiano gani na mgeni huyu? Swali hili la mwisho umati hauliulizi kamwe, nalo ndilo lenye siri. Mtu mwenye deni, au mwenye kugombea shamba la urithi, au mwenye wivu, hana haja ya kumkodi mwuaji kama walivyofanya wakubwa wa Chicago. Anahitaji sauti kubwa tu. Umati ni genge linalokodishwa bure.

Watasema upelelezi ni mambo ya kigeni. Si kweli. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Humo maiti yapatikana penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba hiyo ni kazi ya mizimu. Bwana Msa na kiko chake hakubali. Hutazama, huuliza, hupima kauli ya huyu kwa kauli ya yule, mpaka mkono wa binadamu uonekane. Ni kweli kwamba mwandishi alijifunza kwa Sherlock Holmes wa Waingereza, lakini Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962 alionya vilevile dhidi ya kukataa kujifunza kwa wengine. Nami nasema wazi kwamba darasani nampendelea Bwana Msa kuliko Willy Gamba wa Elvis Musiba. Gamba alipigana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na kwa hilo astahili heshima. Lakini kijana humwiga bastola kabla hajamwiga akili. Bwana Msa hana cha kuigwa ila akili.

Isitoshe, kuuliza ni jadi yetu kabla ya kuja kitabu. Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama na ambao ardhi yao ilishikwa na koo, wasingaliweza kuishi pamoja katika miteremko ile iliyobanana bila vikao vya wazee, ambamo mlalamikaji husema na mlalamikiwa naye akasema.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo yapasa ijibiwe kwa heshima. Husemwa kwamba watu huchukua sheria mkononi kwa sababu mtuhumiwa akipelekwa kituoni leo, kesho yuko mtaani akicheka. Uchungu huo ni wa kweli, na rushwa ni adui wa haki. Lakini je, umati umepata kumwua mla rushwa mkubwa? Huua kibaka, mgeni, kikongwe na mwenye ugonjwa wa akili. Mnyonge ndiye alipaye deni la mkubwa. Askari mbovu hushtakiwa, hufichuliwa na kuondolewa. Maiti haiwezi kurudishiwa uhai.

Wala mtu asidai kwamba kuulaumu umati ni kuwalaumu watu. Mwaka 1955 watu wa Matombo, jirani zake Mkuyuni, walikusanyika kuukataa mpango wa mkoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, na mpango ule ukafa. Wale walikuwa wengi, lakini walikuja mchana, na dai lao, mbele ya mwenye nguvu. Umati wa kuua huja bila dai, juu ya asiye na nguvu, kisha hutawanyika ukijidai haukuwapo.

Sheria imekwisha sema lake. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Raia aruhusiwa kumkamata mtuhumiwa, lakini yampasa amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Na Kanuni ya Adhabu yasema kwamba wenye nia moja katika uovu, kila mmoja ahesabiwa kuutenda. Mbele ya sheria hakuna "Si mimi."

Kazi iliyobaki ni ya walimu. Darasa lisome hadithi ya upelelezi, au litazame mchezo wake, na mwalimu asimamishe kabla ya mwisho. Wanafunzi waandike katika safu mbili yale yanayojulikana na yale yanayosemwa tu, kisha watetee kila neno walilolitia katika safu ya kwanza. Na pale mwanafunzi atakapoandika katika insha yake kwamba mtu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, mwalimu apige mstari mwekundu chini ya maneno hayo na kuandika pembeni: Nani?