Mlango wa Shule Umefunguliwa, Kizingiti Kingalipo

Ndugu wananchi, juma hili twapenda kusema nanyi juu ya jambo lisilongoja fedha kutoka ng'ambo wala mtaalamu kutoka mji mkuu. Nalo ni hili: ni nani mwenye haki ya kukaa katika dawati la shule yetu, na akisha kukaa, je, twamwacha akae kwa amani?

Wazee wetu wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na fedha za elimu ziliwekwa katika mafungu kwa rangi ya ngozi. Kule Iringa, katika miaka ya 1950, ilijengwa shule nzuri ya bweni kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Mhehe, ambaye nchi ile ni ya babu zake, aliiona kwa mbali tu. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ukuta huo haukuachwa usimame. Tangu mwaka 1962 shule zote ziliwekwa katika utaratibu mmoja, na kumkataa mtoto kwa rangi yake kukakomeshwa. Majengo yale ya Iringa baadaye yakapewa jina la Mkwawa, shujaa aliyewapiga Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891. Leo ni chuo wanakosomea walimu wetu. Hatukubomoa nyumba, tulibomoa ubaguzi.

Milango mingine ilifuata. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi. Ada za shule za msingi, zilizokuwa zimerudishwa katika miaka ya 1980, ziliondolewa mwaka 2001. Za kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016. Za kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Sheria ya mwaka 2010 ilithibitisha haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma sawasawa na wenzake. Na mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aweza kurudi darasani.

Basi sheria imetimiza wajibu wake. Lakini sheria hufungua mlango tu, haing'oi kizingiti. Kizingiti tumekishika sisi wenyewe, wazazi, walimu na wanakamati.

Mtazameni binti huyo anaporudi. Sare amevaa, daftari analo, na mtoto amemwacha kwa bibi yake. Lakini njiani anachekwa, darasani anatolewa mfano, na jioni mama wa jirani anamwonya bintiye asikae naye dawati moja. Mwezi wa pili haji tena, nasi twasema, "Mnaona? Hakutaka shule." Na yule aliyempa mimba, ikiwa ni mwanafunzi mwenzake, mara nyingi hakuna aliyemwuliza neno. Wako ndugu zetu wasemao kwamba kumpokea binti huyu ni kuwafundisha wengine tabia mbaya. Twawaheshimu, maana nao wana mabinti na wana hofu ya kweli. Lakini twawauliza: kwa miaka mingi tuliwafukuza, je, mimba zilikwisha? Hazikwisha. Kilichokwisha ni masomo ya mama, na mara nyingi pamoja nayo bahati ya mwanawe.

Mtazameni tena mtoto asiyeweza kutembea. Ameandikishwa, jina lake limo katika kitabu cha mwalimu, lakini darasa lina ngazi tatu na choo kina mlango mwembamba. Je, hapa pana haja ya mfadhili? Fundi wetu wa kijiji, akipewa saruji, mchanga na vijana wa kumsaidia, aweza kujenga mteremko katika muda mfupi. Na mwenye ualbino ataka nini? Kiti cha mbele apate kuona ubao, na ruhusa ya kuvaa kofia juani. Kofia hiyo kumkatalia eti si sare, ni kuipenda sare kuliko mtoto.

Tena yuko mtoto wa maskini. Ada hakuna, lakini mchango wa hiki na kile upo, na asiyeleta husimamishwa mbele ya wenzake kama mwizi, au hurudishwa nyumbani. Mchango si dhambi. Kujitegemea ni jadi yetu. Lakini deni ni la mzazi, na mzazi aitwe azungumzwe naye kwa heshima. Mkoloni alitenga watoto kwa rangi. Tukiwatenga kwa mfuko, tofauti yetu naye ni ipi?

Msidhani, ndugu, kwamba hasara ni ya yule aliyefungiwa nje peke yake. Umoja tunaojivunia haukushuka kama mvua. Ulipikwa mabwenini, kijana wa Bukoba alipolala kitanda jirani na kijana wa Mtwara, Mwislamu na Mkristo wakila sahani moja, wote wakiagizana kwa Kiswahili. Mtoto akuaye bila kumjua asiyefanana naye atakuwa mtu mzima mwoga, na mwoga ni rahisi kugombanishwa.

Kwa hiyo twasema hivi. Mkutano wa wazazi ujao usiwe wa kusomewa hesabu na kutawanyika. Kila mmoja wetu asimame aulize maswali matatu. Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi wa umri wa shule wasiosoma, na kwa nini? Binti aliyeondoka mwaka jana, nani amekwenda kwao kumwambia kwamba nafasi yake ipo? Na mtoto mwenye ulemavu, aweza kufika darasani na chooni bila kubebwa? Majibu yaandikwe, na mkutano unaofuata yasomwe tena.

Wazee wetu waliuvunja ukuta wa Mwingereza bila bunduki. Sisi tumebakiwa na kizingiti. Itakuwa aibu tukishindwa kukivuka.