Wateuzi, Hata Garissa Kuna Mabeki

Sisi wapenzi wa kandanda katika nchi hii tuna ugonjwa wa zamani. Timu ya taifa ikishinda, twamtafuta aliyefunga bao tumbebe mabegani. Ikishindwa, twamtafuta aliyekosa bao tumlaani. Wale waliosimama nyuma dakika tisini, wakazuia na kuruka na kujibwaga chini, hawamo katika furaha yetu. Jina la kipa hulijua kila mtu siku ile tu anapopitwa na mpira baina ya miguu. Mimi ni mkaazi wa Garissa na mpenzi wa mchezo huu tangu utotoni, na leo nataka kuwatetea watu wa nyuma. Nina neno pia kwa wale wanaochagua kikosi, maana kwangu mimi ulinzi na uteuzi ni jambo moja.

Nianze na ushahidi, nisije nikaambiwa napiga domo tu. Kenya ilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo chini ya kocha Marshall Mulwa, mwaka 1981, 1982 na 1983. Fainali ya kwanza tuliwafunga Tanzania kwao bao 1-0. Ya pili tulitoka sare ya 1-1 na Uganda mjini Kampala, tukashinda kwa mikwaju ya penalti. Ya tatu tuliifunga Zimbabwe hapa nyumbani 1-0. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: katika fainali tatu Kenya ilifunga mabao matatu tu wakati wa mchezo. Mabao matatu hayaleti makombe matatu ila nyuma kuna ukuta. Na ukuta huo ulikuwa na kina John Bobby Ogolla na Josephat Murila, na nyuma yao langoni alikuwako kijana wa Mombasa, Mahmoud Abbas, ambaye watu walimpa jina la "Kenya One". Wazee wa Pwani hawahitaji kuelezwa habari zake.

Aliyezaliwa juzi naye ana ushahidi wake. Desemba 2017, fainali ya kombe hilo hilo ilichezwa Machakos baina ya Kenya na ndugu zetu wa Zanzibar. Dakika 120 zilikwisha kwa 2-2, na Wazanzibari walicheza mpira wa kupendeza ambao wengi wetu tuliuonea wivu. Kombe lilibaki Kenya kwa sababu ya mikono ya mtu mmoja, kipa Patrick Matasi, aliyezuia penalti tatu.

Kisha ikaja Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda wa mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nyumbani kwao. Vijana wa kocha Benni McCarthy waliwafunga Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Katika mechi ya Angola na ile ya Morocco mchezaji wetu mmoja alitolewa nje kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Wenzake walibaki kumi, na hawakuvunjika. Morocco hao hao ndio walioondoka na kombe baadaye. Sisi tulitolewa na Madagascar katika robo fainali kwa penalti, baada ya sare ya 1-1. Mechi tano, mabao mawili tu ndani ya wavu wa Byrne Omondi wakati wa mchezo! Sikumbuki watu wakimwimba kipa huyo barabarani. Waliimba majina ya wafungaji.

KOSA LA KUTAZAMA MBELE TU

Linganisha na Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1919? La, si mbali hivyo. Ni mwaka 2019 tu, kule Misri. Kabla ya safari nchi nzima iligombana kwa ajili ya mshambuliaji Jesse Were, aliyeachwa na kocha Sébastien Migné. Magazetini, vibarazani na ndani ya matatu hapakuwa na habari nyingine. Wakati huo huo beki wa kati Brian Mandela aliumia goti kambini Ufaransa akakosa mashindano yote. Watu walisema "pole" wakarudi kwenye ugomvi wa Were. Timu ilipofika Misri ilifungwa 2-0 na Algeria, ikaishinda Tanzania 3-2, kisha ikafungwa 3-0 na Senegal. Mabao saba katika mechi tatu, na huyo Matasi alikuwa ameokoa penalti ya Sadio Mané. Waweza kubishana nami, lakini naamini pengo kubwa la kikosi kile lilikuwa nyuma, mahali ambapo hakuna aliyepagombania.

Maoni yangu juu ya uteuzi ni mepesi. Kwanza, kipa asichaguliwe kwa kuruka kwake. Kuruka hupendeza machoni, lakini kipa aliyesimama mahali pake hana haja ya kuruka mara nyingi. Mtazame anavyotoka kuudaka mpira wa juu, na usikilize sauti yake. Kipa bubu ni mlinzi wa nyumba aliyelala. Pili, mabeki wa kati wachaguliwe wawili wawili. Wao ni kama ngamia wa msafara mmoja: asiyejua hatua ya mwenziwe huangusha mzigo wa wote. Beki hodari kutoka huku na beki hodari kutoka kule, wakikutanishwa juma moja kabla ya mechi, si ukuta. Ni matofali mawili. Tatu, kila mchezaji, hata mfungaji, apimwe kwa lile afanyalo wakati mpira hauko miguuni mwake. Anayesimama kiunoni mikono baada ya kupokonywa mpira amekwisha kuwaachia wenziwe kazi ya watu wawili.

UWANJA HUMFUNDISHA MTU

Sasa nije kwetu. Mtu akitembelea Garissa saa ya alasiri, jua likianza kupoa, atawakuta vijana wakisakata gozi Bula Iftin, Bula Punda na kila penye uwazi baina ya nyumba na miti ya miiba. Wanaanza baada ya sala ya alasiri na kuacha kabla ya adhana ya magharibi. Muda ni mfupi, jua ni kali, na ardhi ni ngumu kama sakafu ya saruji, yenye changarawe na miiba ya migunga.

Uwanja kama huo humfundisha mtu mengine ukamnyima mengine. Beki wa Garissa ni mwepesi wa kuusoma mpira, kwa kuwa katika ardhi yetu mpira hudunda upendavyo, na asiyeukisia mapema haupati. Pumzi anayo. Ukali anao. Lakini hajazoea kutuliza mpira na kumpa mwenziwe chini chini; akiupata huubutua mbali, kwani kumpa mwenziwe katika changarawe ni bahati nasibu. Kipa naye ndiye mwenye taabu zaidi. Nani atajitupa ubavu juu ya kokoto, hana glavu, na kesho ana kazi ya kubeba magunia sokoni? Basi hujifunza kudaka kwa kusimama na kupanguа kwa mguu. Siku akipelekwa kwenye uwanja wa majani huonekana mzito, na mteuzi huandika kwamba kijana hafai. Ukweli ni kwamba kijana hajapata hata siku moja mahali pa kujifunza kuanguka.

Haya hayakuanza jana. Wakati Mahmoud Abbas akiinua makombe yale matatu, mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizowekwa mwisho wa mwaka 1963 na kuondolewa 1991. Mtu aliyehitaji ruhusa kwa safari zake hakuwa na nafasi ya kufikiria ligi. Miaka ya 1990 mabasi yakisafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa polisi. Na baada ya mauaji ya Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 walipoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu, jina la mji wetu likawa la kutisha masikioni mwa wageni. Mwambie kocha wa mbali aje kutazama vijana Garissa, jambo la kwanza atakaloliuliza ni usalama. Nairobi ni yapata kilomita 370 tu, kwa barabara ya lami, lakini kwa mteuzi wa kandanda ni kama ng'ambo ya bahari.

Ligi Kuu ya Kenya haina klabu ya Garissa, ya Wajir wala ya Mandera. Pwani angalau ina Bandari, na zamani, mwaka 1965, Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa nchi. Kijana wa Kisiwani au Likoni anajua ngazi iko wapi, hata ikiwa imechakaa. Kijana wa Wajir haioni. Na lile kundi la CHAN lililotupa raha mwaka 2025 lilichaguliwa kutoka ligi za nyumbani. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Wala mtu asiniambie kwamba watu wetu hawana mguu wa mpira. Abdisalam Ibrahim, mzaliwa wa Somalia, alipelekwa Norway akiwa mtoto, na mwaka 2010 akaichezea Manchester City. Damu ni ile ile ya mtoto anayecheza pekupeku Bula Punda. Tofauti ni kwamba huko alikokulia palikuwa na uwanja, mwalimu na mtu wa kumtazama.

SITAKI HISANI

Hapa ndipo ninapoachana na baadhi ya wenzangu. Wako wanaodai kwamba timu ya taifa itenge nafasi, kila kaunti iwe na mtu wake, ili nasi tuonekane. Mimi sitaki. Timu ya taifa si sherehe ya kugawa pilau, kwamba kila jirani apelekewe sahani yake. Kijana wetu akiingizwa kwa hisani, siku ya kwanza atakapokosea watasema, "Tulijua," na mlango utafungwa miaka ishirini mingine. Ninalotaka ni gumu zaidi kwa wateuzi, na ni gumu zaidi kwetu sisi wenyewe.

Kwa wateuzi nasema: njooni mtazame. Shule za Kaskazini Mashariki hushiriki mashindano ya shule kila mwaka. Msingoje timu yetu ifungwe mabao mengi katika fainali za taifa ndipo muiandike. Njooni katika mashindano ya mkoa, mkae siku tatu, mtazame mabeki na makipa, halafu mchague wanne wa kupelekwa kwenye uwanja wa majani wakafundishwe. Wakishindwa baada ya kufundishwa, sitanung'unika.

Kwetu sisi nasema maneno makali zaidi. Nani huwekwa langoni katika vitongoji vyetu? Ni yule mdogo kuliko wote, au mnene, au yule asiyejua kupiga mpira. Lango tumelifanya jela. Kila mtoto anataka kuwa mfungaji, na wazazi wanaokuja kutazama humpigia makofi mfungaji peke yake. Halafu tuna hii desturi ya makombe ya wanasiasa. Uchaguzi ukikaribia, huletwa fulana mpya, kikombe kinachong'aa na spika za muziki. Timu hucheza majuma mawili, picha zinapigwa, na kombe likisha kabidhiwa vijana hurudi kwenye kokoto zao hadi miaka mitano mingine. Fedha za fulana zile zingetosha kufukia uwanja mmoja kwa mchanga laini mbele ya magoli mawili, na kununua glavu. Mchanga upo, mto Tana uko pale pale chini ya daraja. Halihitaji mfadhili kutoka Ulaya jambo hili.

Na wafanya biashara wetu, ambao Mungu amewajaalia, nawaomba wasitoe tena zawadi kwa mfungaji bora pekee. Itolewe zawadi sawa kwa kipa aliyefungwa mabao machache. Mtaona katika muda wa mwaka mmoja watoto wakigombania lango.

Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashabiki wa Garissa na wa Mombasa wote wataishangilia jezi moja, kama tulivyoishangilia CHAN. Sidai kwamba kijana wa Kaskazini Mashariki lazima awemo katika kikosi hicho. Muda ni mchache na ukuta haujengwi kwa siku mbili. Nadai kwamba kikosi kitakachofuata kisichaguliwe bila mtu hata mmoja kuvuka daraja la Tana kuja kutazama. Akivuka akaona kweli hakuna kitu, aseme hivyo, nasi tutamwamini. Asiyevuka hana haki ya kusema.