Kiangazi Kimeingia, Kijana Shika Randa



Huku kanda ya kati tunajuana. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba na kukata Aprili. Ukishavuna uwele, mtama na alizeti, na kama huna zabibu wala bustani ya umwagiliaji, unabaki na miezi mingi ya jua na upepo. Miezi hiyo ndiyo inatumaliza. Kijana ana mkopo, gunia zimepungua, basi anashinda kijiweni akibeti kwa simu na kupiga hesabu ile ile kichwani. Msimu ukirudi, ameshachoka kabla hajashika jembe.

Maoni yangu ni haya: jifunze useremala. Sisemi ufungue karakana. Jifunze kama hobi tu, hata kama una miaka 30 na hujawahi kushika msumeno.

Najua mtasema, "Afisa, si wewe uliyetuambia tuandike kila shilingi kwenye daftari? Leo unatuletea kazi isiyo na faida?" Ndiyo, nimesema. Kilimo chetu kinategemea mvua, bei na wadudu, na hakuna hata kimoja unachokiamuru. Ubao unaufuata mkono wako. Ukikosea kipimo unajua saa hiyo hiyo, husubiri miezi minne. Mtu anayeishi kwa kusubiri mawingu anahitaji kazi moja ambayo matokeo yake anayaona jioni ile ile.

Wala si mambo ya kuiga. Wagogo ni wakulima na wafugaji, na hao hao ndio wenye ilimba na zeze. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivipeleka vyombo hivyo kwenye majukwaa ya nje ya nchi. Vinu, vigoda na mizinga ya magogo navyo vilichongwa hapa hapa kwetu.

Kuanza si gharama kubwa. Tafuta msumeno, randa, patasi, nyundo, tepu na skwea. Muombe fundi wa mtaani ukae naye Jumamosi, au ulizia kozi fupi za VETA. Anza na paini, ni laini kuranda. Mninga subiri kwanza, na siku ukiununua hakikisha muuzaji ana vibali vya misitu.

Mbao mbichi zina shida hapa Dodoma, hewa yetu kavu inazipasua. Zipange kivulini, weka vipande vyembamba katikati ili hewa ipite, kisha paka rangi kwenye ncha ili zisikauke haraka kuliko katikati.

Kazi ya kwanza iwe kigoda. Ya pili, jaribu mzinga wa kisasa wa viunzi vya juu. Kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, ndio unaowafaa nyuki wetu. Ukizidisha, masega yataungana na hutayatoa bila kuyavunja. Na usitumie mbao zilizowekwa dawa, maana humo ndimo asali itakaa.

Kigoda hicho cha kwanza usikiuze, hata ukipata mteja. Kalia mwenyewe. Kikilegea, kifungue ukiunge upya. Desemba bado iko mbali.