Mwanga wa Mama Usiwe wa Kubahatisha



Wengi wetu tunaoishi mijini kwa kutegemea mshahara tuna nyumba mbili. Ya kwanza ni ile tunayolala na kuilipia kodi. Ya pili ni ile ya wazazi kijijini. Tupatapo akiba kidogo, ndiyo tunayoikumbuka kwanza. Na kama nyumba hiyo iko mbali na nguzo za umeme, zawadi tunayoifikiria siku hizi ni umeme wa jua. Zawadi hiyo ni njema. Lakini leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kazi ya kuufunga umeme huo.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua paneli moja ya wati 100, nikapata betri ya lori iliyokwisha kutumika, nikavipakia vyote katika basi la kwenda Tabora kwa mama yangu. Fundi niliyemwendea alinitajia gharama ya kufunga, nami nikaiona kubwa. Nikampa kazi hiyo mpwa wangu, kijana hodari wa kutengeneza redio, akaimaliza kwa siku moja. Jioni ile ya Agosti Mama alinipigia simu akicheka kwa furaha. Nilijiona mwana niliyetimiza wajibu.

Tangu hapo, kila nilipomwuliza habari za taa, jibu lilikuwa lile lile: "Zinawaka, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mwezi wa Machi nilikwenda likizo, nikafika usiku bila ya kutoa taarifa. Nilimkuta Mama amekaa kando ya koroboi, na mjukuu wake ameinamia daftari, uso umekaribia moshi. Taa zilikuwa zimezimika tangu mvua za Desemba. Mama hakutaka kunivunja moyo, akaona ni heri anunue mafuta ya taa na kunyamaza.

Siku ya pili nilimleta kutoka mjini fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Hakucheka wala hakumlaumu kijana. Alipanda juu ya paa, akashuka, akatuonyesha makosa manne. Nayaandika hapa ili yasikupate wewe.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali pa paneli. Mpwa wangu aliiweka upande wa kusini kwa sababu ndiko barabara iliko, ili wapitao waione. Nchi yetu iko kusini ya ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, hivyo paneli hutazamishwa kaskazini, ikiinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi. Tena tawi la mwembe liliitia kivuli kila alasiri. Seli za paneli zimeungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akisimama, kazi ya wote hupungua. Kivuli kidogo huleta hasara kubwa.

Kosa la pili lilikuwa betri. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, kisha kujazwa tena mara moja. Ukiikausha kila usiku, haichukui muda kufa. Kwa nyumba hutakiwa betri iliyoundwa kwa matumizi ya polepole. Nayo, ikiwa ni ya risasi na tindikali, ni busara usitumie zaidi ya nusu ya ujazo wake.

Kosa la tatu lilikuwa kukosekana kwa kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Paneli iliunganishwa moja kwa moja na betri. Wakati wa kiangazi betri ilichemka hadi maji yake yakapungua; wingu la masika lilipokuja, hapakuwa na kitu cha kuzizima taa kabla betri haijakauka kabisa. Kontrola huzuia mambo hayo mawili.

Kosa la nne ndilo lililonitia hofu. Waya zilikuwa nyembamba, na hapakuwa na fyuzi hata moja. Watu hudhani volti 12 ni mchezo. Mzigo wa wati 60 kwenye umeme wa volti 230 huvuta kama robo ya ampea. Kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Waya wa milimita ya mraba 1, ukienda mita 10 na kurudi, utapoteza karibu volti 2 katika safari hiyo. Na waya ukichunika ukagusana, betri yaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya huwa mwekundu, na moto huanza. Betri yenyewe ilikuwa chini ya kitanda cha Mama, ingawa betri ya namna ile ikijazwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Mahali pake ni penye hewa, mbali na moto na watoto.

Fundi hakuanza kwa kununua vitu. Alikaa na Mama, akaandika: taa 5 za wati 5 kwa saa 5, jumla wati-saa 125, redio ya wati 10 kwa saa 6, wati-saa 60, televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4, wati-saa 160, na kuchaji simu, wati-saa 30. Jumla 375. Akaongeza theluthi moja kwa ajili ya nguvu inayopotea njiani, ikawa 500. Akakisia saa 4 za jua kali kwa siku, akapata wati 125. Akashauri paneli ya wati 150. Betri ya ampea-saa 100 ingetosha usiku mmoja bila kupita nusu. Ya 200 ingevumilia siku mbili za wingu. Tukachagua ya 200.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamkabidhi mtu kazi hii, mwulize leseni yake. Hapa Tanzania leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA. Mwombe akuandikie hesabu kama hiyo, ukubwa wa kila waya na mahali pa kila fyuzi. Dai risiti na hati ya dhamana ya kila kifaa. Kazi ikiisha, apime kwa mita mbele yako, kisha awafundishe wanaobaki nyumbani. Fundi wetu alimweleza Mama maana ya kila taa ya kontrola. Leo yeye ndiye anayewaamuru wajukuu wazime televisheni wingu likitanda. Mpwa wangu naye alifanywa msaidizi siku zote mbili, akajifunza mengi.

Nilipojumlisha paneli mpya, betri mpya na mafuta ya taa aliyonunua Mama kwa siri, nikaona ile gharama ya fundi niliyoikwepa ilikuwa ndogo mno. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea. Hesabu malipo ya fundi kuwa ni sehemu ya zawadi yenyewe.

Na jambo la mwisho. Wazazi wetu huficha taabu ili tusihuzunike. Ukipiga simu jioni ya leo, usiulize tu kama taa zinawaka. Mwulize mtoto wa nyumbani amesomea wapi jana usiku.